Thamani ya lishe ya pati ya nyama ya ng'ombe: mwongozo kamili wa kuihesabu, kuinunua na kuipika

Ukiuliza pati ya baga ina kalori ngapi, mmoja atakujibu 254, mwingine 270, wa tatu 209, na wote watatu watakuwa wamesema kweli. Wa kwanza amesoma gramu 100 za nyama mbichi ya kusaga yenye mafuta asilimia 20. Wa pili amesoma gramu 100 za nyama hiyohiyo ikiwa imeshaiva. Wa tatu amesoma pati moja nzima, ile inayofinyangwa kwa gramu 113 za nyama mbichi na kutoka jikoni ikiwa na gramu 77 hivi. Takwimu hizi ni za Wizara ya Kilimo ya Marekani, na programu nyingi za simu za kuhesabu kalori huchota humo.

Tatizo ni kwamba watu huzichanganya. Wanapima iliyoiva, wanasoma namba za mbichi, kisha wanashangaa hesabu haikai sawa. Kwa hiyo kabla ya kubishana kama baga ni chakula kizuri au kibaya, tujue kwanza tunazungumzia pati ipi.

Hatua ya 1: Amua unapima mbichi au iliyoiva, usibadilishe njiani

Ushauri wangu ni kupima mbichi. Nyama ikiguswa na moto hupoteza maji na mafuta, na kiasi kinachopotea hutegemea ukali wa moto, muda na unene wa pati. Pati inaweza kupungua robo ya uzito wake, na ikikaushwa sana, karibu theluthi. Uzito wa mbichi hauna utata huo.

Tazama kinachotokea kwa pati ile ya gramu 113. Ikiwa mbichi ina kalori 287 hivi, protini gramu 19 na mafuta karibu gramu 23. Ikishachomwa inabaki na kalori 209, protini gramu 20 na mafuta gramu 14. Protini haikwenda popote. Kilichopungua ni maji, pamoja na gramu tisa hivi za mafuta zilizodondokea chini.

Ndiyo maana gramu 100 za nyama iliyoiva zina protini karibu gramu 26, na gramu 100 za mbichi zina 17 tu. Nyama haikuongezewa kitu, imekamuliwa maji. Mtu anayepima iliyoiva na kusoma namba za mbichi anajinyima theluthi nzima ya protini kwenye hesabu yake. Anayefanya kinyume chake anajipa protini ambayo hakuila.

Hatua ya 2: Jua uwiano wa mnofu na mafuta

Hapa ndipo penye uzito wa jambo lote. Ukijua asilimia ya mafuta, mengine mengi unaweza kuyakisia. Kwa gramu 100 za nyama mbichi ya kusaga:

- Mafuta asilimia 30: kalori 332, protini gramu 14
- Mafuta asilimia 20: kalori 254, protini gramu 17
- Mafuta asilimia 10: kalori 176, protini gramu 20
- Mafuta asilimia 5: kalori takribani 130, protini gramu 21

Pakiti ikiandikwa "mnofu asilimia 80", wengi huona nyama safi yenye mafuta kidogo. Lakini hiyo ni asilimia ya uzito, na gramu moja ya mafuta ina kalori tisa wakati gramu ya protini ina nne. Gramu 20 za mafuta ni kalori 180 kati ya 254. Maana yake, kalori saba katika kila kumi za nyama hiyo zinatokana na mafuta. Hata ile ya "mnofu asilimia 90" nusu ya kalori zake ni za mafuta. Muuzaji hajadanganya, amechagua tu namba inayompendeza mnunuzi.

Sasa njoo upande wa pili, ambao wauzaji wa nyama yenye mafuta kidogo hawana haraka ya kuutaja. Moto husawazisha mambo. Nyama ya asilimia 30 ikichomwa juu ya wavu, mafuta yake huteremka hadi gramu 18 au 19 kwa kila gramu 100 za iliyoiva. Ya asilimia 20 huishia karibu 18. Ya asilimia 10 ambayo mwanzoni ilikuwa na gramu 10 hufika karibu 12, kwa sababu imepoteza maji mengi kuliko mafuta. Kwa kalori, gramu 100 zilizoiva za asilimia 20 ni 270 na za asilimia 10 ni 217. Tofauti ipo, lakini imepungua sana ukilinganisha na ile ya nyama mbichi.

Mambo mawili yanafuata. Kwanza, nyama ya asilimia 30 hata ikiwa ya bei nafuu huenda isiwe nafuu, kwa kuwa sehemu kubwa ya ulichonunua inabaki kwenye kikaango. Pili, mafuta hayo hayahesabiwi ikiwa tu kweli umeyaacha. Ukikaangia vitunguu humo, au ukapakaza mkate kwenye kikaango ili unywe ule mchuzi, umeyarudisha yote mlangoni.

Kwa matumizi ya kawaida nyumbani, mimi huona asilimia 15 hadi 20 inatosha. Chini ya 10 pati hukauka, inakosa ladha, na mpishi huifidia kwa mayonezi na jibini kiasi kwamba hesabu inarudi palepale au inazidi.

Kama unanunua kwa muuzaji asiye na lebo, usichukue iliyokwisha kusagwa bila kuuliza. Chagua kipande kwa macho yako, kisha kisagwe mbele yako. Nyama ya paja huwa na mafuta kidogo, ya bega huwa na zaidi. Ukitaka kukadiria, pima gramu 200, kaanga bila kuongeza mafuta huku ukiichambua mpaka iive kabisa, chuja kimiminika chote kwenye bakuli na uweke kwenye friji. Mafuta yataganda juu, yaondoe na uyapime. Kipimo hiki hakikupi mafuta yote kwa sababu mengine yamebaki ndani ya nyama, lakini kinatosha kulinganisha nyama ya huyu na ya yule.

Hatua ya 3: Soma orodha ya viambato, halafu mstari wa wanga

Pati za kununua zikiwa tayari zimegandishwa ni habari nyingine. Neno "nyama ya ng'ombe" mbele ya boksi haliwi na maana moja kila mahali. Marekani, kwa mfano, bidhaa inayouzwa kwa jina la "hamburger" hairuhusiwi kuzidi mafuta asilimia 30, wala kuongezewa maji, fosfeti (chumvi zinazoifanya nyama ishike maji) au vijazio. Lakini pati zinazouzwa kama "pati za nyama ya ng'ombe" zinaruhusiwa kuwekwa vijazio hivyo. Boksi mbili zinaweza kukaa bega kwa bega kwenye jokofu moja huku ndani zikitofautiana sana.

Viambato hupangwa kwa uzito, kizito kikitangulia. Nyama ikifuatiwa mara moja na maji, unga wa mkate au protini ya soya, ujue umenunua na hivyo. Si sumu. Soya ni protini nzuri. Ila mwenye mzio wa soya, ngano, maziwa au mayai lazima asome, na mlipaji anastahili kujua analipia nini.

Njia ya mkato ninayoipenda ni kutazama wanga. Nyama tupu ya ng'ombe haina wanga. Lebo ikionyesha wanga gramu tano kwa kila gramu 100, kuna kitu kimeongezwa, na huhitaji kusoma herufi ndogo ili kukigundua.

Kisha fanya hesabu moja: zidisha gramu za protini kwa nne, gawanya kwa jumla ya kalori. Tuseme lebo inasema kalori 238, protini 14, mafuta 18, wanga 5. Kumi na nne mara nne ni 56, sawa na asilimia 24 ya kalori. Nyama halisi ya mafuta asilimia 20 inakupa 27, ya asilimia 10 inakupa 45. Pati ikishuka chini ya 20, basi sehemu kubwa ya kalori unazonunua ni za mafuta au kijazio.

Hakikisha pia unalinganisha gramu 100 kwa gramu 100. Kiwanda kimoja kitaandika kwa pati ya gramu 60, kingine kwa ya gramu 150, na ile ndogo itaonekana ya afya kwa sababu tu ni ndogo.

Hatua ya 4: Tazama kinachoingia mwilini, na kisichokuwemo

Mafuta yamezungumzwa mno hadi watu wakasahau kwa nini nyama ya ng'ombe inathaminiwa. Turudi kwenye pati ile ya gramu 77 iliyoiva.

Protini yake ni gramu 20. Mtu mzima wa kilo 65 anahitaji angalau gramu 52 kwa siku, ukihesabu gramu 0.8 kwa kila kilo ya uzito. Pati moja inakaribia asilimia 40 ya hitaji hilo, na ni protini yenye asidi amino (vijenzi vya protini) zote za lazima.

Vitamini B12 ni mikrogramu mbili na ushei, wakati mtu mzima anahitaji 2.4 kwa siku. Vitamini hii haipatikani kwenye mimea kwa kiwango cha kutegemewa. Zinki ni karibu miligramu tano, zaidi ya nusu ya mahitaji ya mwanamke na chini kidogo ya nusu kwa mwanamume.

Madini ya chuma ni karibu miligramu mbili, na hapa inabidi tuwe waangalifu. Kwa mwanamume anayehitaji miligramu nane, hiyo ni robo. Kwa mwanamke aliye katika umri wa kupata hedhi, anayehitaji 18, ni kama sehemu moja ya tisa tu. Kwa hiyo anayemwambia mwenye upungufu wa damu ale baga na mambo yatakwisha anamdanganya. Hata hivyo, sehemu ya chuma kilichomo kwenye nyama ni ya aina inayofyonzwa vizuri zaidi kuliko ile ya mboga na nafaka, na nyama yenyewe husaidia mwili kufyonza chuma cha vyakula vingine vilivyoliwa pamoja nayo. Nyanya, pilipili hoho au limau humsaidia mlaji kwa vitamini C. Chai na kahawa hufanya kinyume, hasa kwa chuma cha mimea, hivyo zisubiri kidogo baada ya mlo.

Upande wa mafuta, pati hii ina gramu tano hivi za mafuta yaliyoshiba. Shirika la Afya Duniani linashauri yasizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, ambayo kwa mlo wa kalori 2,000 ni gramu 22. Pati moja imechukua robo. Lehemu (kolesteroli) ni karibu miligramu 70. Na si mafuta yote ya ng'ombe ni yaliyoshiba: sehemu kubwa ni ya aina ileile iliyotawala kwenye mafuta ya zeituni, jambo ambalo haliwi kisingizio lakini ni kweli.

Kisichokuwemo: nyuzinyuzi, hakuna kabisa. Vitamini C, hakuna. Kalsiamu ni kidogo mno. Pati peke yake haiwezi kuwa mlo, na haikuumbwa kuwa mlo.

Hatua ya 5: Finyanga yako mwenyewe ukiwa na daftari

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na chumvi hupotea ndani ya nyama kwa namna hiyohiyo. Nyama mbichi ina sodiamu yake ya asili, miligramu 66 tu kwa gramu 100. Kinachobaki ni mkono wa mpishi au wa kiwanda.

Chukua gramu 500 za nyama ya asilimia 20, gawa pati nne za gramu 125. Kila moja, kabla ya moto, ina kalori 318, protini gramu 21.5 na mafuta gramu 25. Ukitia kijiko kimoja cha chai cha chumvi, ambacho ni gramu sita hivi, kila pati inapata gramu moja na nusu ya chumvi, yaani sodiamu karibu miligramu 600. Ongeza ile ya asili, unafika 680. Kikomo cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 2,000 kwa siku, sawa na chumvi gramu tano. Theluthi imekwisha na bado mkate haujafika. Tumia nusu kijiko, uongeze pilipili manga, kitunguu saumu na kitunguu kilichokatwa vidogo sana. Au nyunyiza chumvi juu ya pati wakati wa kuichoma badala ya kuichanganya ndani: ulimi unaikuta upesi zaidi, hivyo kidogo kinatosha. Njia hii pia inaiacha nyama ikiwa laini, kwani chumvi ikikaa ndani ya nyama ya kusaga huifanya ishikane na kuwa ngumu kama soseji.

Kwa lebo iliyoandika sodiamu, zidisha kwa 2.5 upate chumvi.

Ukitaka kupunguza mafuta bila kununua nyama ya ghali, badilisha sehemu ya nyama. Gramu 350 za nyama na gramu 150 za maharage yaliyochemshwa, kuchujwa vizuri na kupondwa, zinatoa pati nne za kalori 270 kila moja, protini gramu 18, mafuta chini ya gramu 18 na nyuzinyuzi gramu mbili na nusu hivi. Umepoteza gramu tatu za protini, umeokoa saba za mafuta, na umepata nyuzinyuzi ambazo hazikuwepo. Uyoga uliokatwa vidogo na kukaangwa hadi maji yakauke unafaa pia. Unapunguza kalori zaidi, ila protini nayo inashuka zaidi.

Hatua ya 6: Ivisha kwa kipimajoto

Lishe haina maana kama chakula kitakulaza. Kipande kizima cha nyama huwa na bakteria juu yake, na moto huwaua hukohuko juu. Ukikisaga, wa juu wanaingia ndani. Ndiyo sababu steki inaweza kuliwa ikiwa nyekundu katikati na pati isiweze. Mwaka 1982, bakteria aina ya E. coli O157:H7 walitambuliwa kwa mara ya kwanza kuwa chanzo cha ugonjwa kwa binadamu baada ya milipuko miwili katika majimbo ya Oregon na Michigan, na chakula kilichohusishwa nayo kilikuwa baga ambazo hazikuiva.

Joto la katikati lifike nyuzi 71 za Selsiasi. Chomeka kipimajoto kwa ubavuni hadi katikati ya pati. Usitegemee rangi, maana nyama nyingine hugeuka kahawia kabla ya kufikia joto salama. Kwa watoto wadogo, wajawazito, wazee na wenye kinga dhaifu hapa hapana mjadala.

Kuiva hakumaanishi kuungua. Nyama ikipikwa kwa moto mkali sana hutengeneza kemikali zinazoshukiwa kusababisha saratani, na mafuta yakidondokea kwenye makaa, moshi unaorudi juu huipaka pati kemikali nyingine za aina hiyo. Tumia moto wa wastani, geuza mara kwa mara (kugeuza kunapunguza kemikali hizo, usimsikilize anayekukataza), na kwangua palipokuwa mkaa. Pati ikitoka, iweke juu ya wavu au karatasi ya jikoni dakika moja mafuta ya juu yachujike. Kuikandamiza kwa mwiko hutoa mafuta, ndiyo, lakini hutoa na maji yake, na utabaki na kipande kikavu.

Nyama mbichi ya kusaga ikae friji siku moja au mbili tu. Ikigandishwa nyuzi 18 chini ya sifuri inabaki na ubora wake miezi mitatu hadi minne.

Hatua ya 7: Hesabu vinavyoizunguka

Mara nyingi pati ndiyo inayolaumiwa kwa makosa ya jirani zake. Mkate mweupe wa baga una kalori 150 hivi. Kijiko kikubwa cha mayonezi, 90 hadi 100. Kipande cha jibini la kusindikwa, 70 hivi pamoja na sodiamu nyingi. Kijiko kikubwa cha tomato sosi kina kalori chache lakini sukari gramu nne. Jumlisha: vitu hivyo vinne vina zaidi ya kalori 300, vimeipita pati ya kalori 209. Na bado hatujagusa chipsi na soda.

Kwa hiyo anayetaka kupunguza aanzie pembeni. Ondoa mayonezi, weka nyanya, kitunguu na majani ya saladi kwa wingi, chukua mkate wa ngano isiyokobolewa. Hapo umejaza nyuzinyuzi na vitamini C zilizokosekana bila kuigusa nyama.

Hatua ya 8: Panga kwa wiki

Mwaka 2015 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, liliweka nyama nyekundu kwenye kundi la vitu ambavyo huenda vinasababisha saratani kwa binadamu, na nyama iliyosindikwa kwenye kundi la vinavyosababisha. Makundi hayo hupima uzito wa ushahidi, hayapimi ukubwa wa hatari. Nyama iliyosagwa au kugandishwa bila zaidi huhesabiwa kuwa nyama nyekundu tu. Ikitiwa moshi au dawa za kuhifadhi kama zile za soseji na bekoni, inahamia kundi la nyama iliyosindikwa, na bekoni iliyowekwa juu ya pati imo humo tayari.

Mfuko wa kimataifa wa utafiti wa saratani, WCRF, unashauri nyama nyekundu iliyoiva isizidi gramu 350 hadi 500 kwa wiki. Kwa pati za gramu 77, hizo ni nne hadi sita, lakini tu ikiwa wiki nzima hukula nyama nyingine ya ng'ombe, mbuzi, kondoo au nguruwe. Anayekula nyama hizo siku nyingine abaki na pati moja au mbili. Mwenye shinikizo la damu aanze na hesabu ya chumvi ya hatua ya tano kabla ya kuhangaikia mafuta. Mwenye gauti (ugonjwa wa maumivu ya viungo) apunguze idadi kuliko wengine, kwa sababu nyama hii huongeza asidi ya yuriki, na kwake pati yenye maharage mengi na nyama kidogo ni chaguo bora kuliko pati ndogo ya nyama tupu.